Andika gazetini, daktari kaniharibu!

Ukiwa mwandishi wa habari katika familia zetu hizi, wewe ndiye polisi, wakili na hakimu. Kila aliyedhulumiwa anakutafuta. Safari hii kanitafuta kaka yangu mkubwa, MC wa harusi hapa Dar, mtu anayekula kwa tabasamu lake.

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka kadhaa iliyopita aliwekewa jino la mbele la kupandikiza, lile linalosimama juu ya skrubu ya titani iliyofungwa kwenye mfupa wa taya. Baadaye ufizi ukavimba, ukatoa damu na usaha. Akapasuliwa, akasafishwa, akashonwa. Usaha umekoma, lakini ufizi umerudi juu, jino linaonekana refu kuliko wenzake, na ukingo wa chuma unachungulia. "Mdogo wangu, andika gazetini. Huyu daktari kaniharibu!"

Kabla ya kuandika chochote nikaenda kuwauliza madaktari wengine wa meno, nikasoma na vitabu. Jamani, kuna mambo hatuambiwi.

Ufundi huu tunadaiwa na Per-Ingvar Brånemark wa Sweden. Miaka ya 1950 aliona titani ikishikana na mfupa wa sungura, na mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wake wa kwanza. Mfupa na titani ni marafiki. Ufizi ndio mgeni. Kwenye jino la asili nyuzi za ufizi zimejikita kwenye mzizi, lakini kwenye titani zinapita kando tu, kama mkanda kiunoni. Bakteria wakipenya hapo, mfupa unalika taratibu, huku ufizi uliovimba umefunika shimo.

Kumbe ule ufizi mnene wa kaka ulikuwa uvimbe mtupu! Mfupa wa kuushikilia ulishaondoka. Ukisafishwa, uvimbe unakwisha na ufizi unanywea kufuata mfupa ulikobaki. Wakati mwingine daktari huusogeza makusudi, ili mfuko wa uchafu usibaki na mswaki ufike. Zipo njia za kujaza mfupa, au kuongeza nyama ya ufizi kutoka kaakaani, ila si kila shimo linajazika, na hakuna wa kukuahidi kwamba ufizi utarudi pale pale.

Je, kaka kaharibiwa? Kwa upande wa ugonjwa, hapana. Hiyo ndiyo sura ya kupona mahali ambapo mfupa umeshaliwa. Lakini je, aliambiwa? Anasema alisaini karatasi, basi. Hapo ndipo ninapomuunga mkono. Kwa jino la gego hilo ni jambo dogo, kwa jino la mbele la MC ni mtaji.

Nilipomweleza alinyamaza kwanza. "Kwa hiyo nimepona?" Nikamwambia ndiyo, ila ugonjwa huu hupenda kurudi, kwa hiyo mswaki, kliniki, na sigara aziache. "Sasa si wangeniambia tu!"

Basi ndugu msomaji, ukiambiwa utapasuliwa, uliza mapema: mfupa umebaki kiasi gani? Ufizi utasogea hadi wapi? Chuma kikionekana tutafanyaje? Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa. Au nyie mnasemaje?