Sufuria Nyekundu ya Chongqing

Kutoka Chengdu hadi Chongqing ni kama kilomita 300, na treni ya mwendokasi huzimaliza kwa saa moja na nusu hivi. Tuliingia alasiri ya Julai, fukuto limetanda juu ya Yangtze na Jialing, mito miwili inayokutana pale Chaotianmen. Chongqing ni mji wa vilima na ngazi. Unatoka mlangoni ukidhani umefika chini, kumbe kuna barabara nyingine mbali chini ya miguu yako. Kwenye kituo cha Liziba, treni inapenya katikati ya jengo refu, na juu yake watu wanaishi.

Mwenyeji wangu, mwanafunzi mwenzangu mzaliwa wa huko, alinipitisha mbali na taa za Hongyadong wanakojazana watalii, tukashuka ngazi hadi kwenye mgahawa uliomo ndani ya mwamba. Mama yake alikuwa ametutangulia. Mgahawa huo zamani ulikuwa handaki la zama za vita, wakati Chongqing ilipokuwa mji mkuu wa muda wa China, na ndege za Japani zikaupiga mabomu kati ya 1938 na 1943. Familia zilikuwa zikikimbilia kwenye mahandaki kama hilo na watoto mgongoni. Leo mna viti vifupi vya plastiki na meza zilizotobolewa katikati, kila tundu na jiko lake la gesi. Mwamba unatoa ubaridi, na watu wa mji huo wenye kiangazi kikali wanaufuata. Kelele za walaji zilinifurahisha, hasa nilipokumbuka sauti zilizowahi kusikika humo.

Sufuria ililetwa ikiwa na kiunzi cha chuma kilichoigawa vyumba tisa. Mchuzi ulikuwa umeganda kwa mafuta ya ng'ombe, umejaa pilipili kavu na punje za huajiao, kiungo cha Sichuan kinachotia midomo ganzi. Moto ulipopanda, mafuta yaliyeyuka na harufu ikashika hadi nguo zetu. Chumba cha katikati ndicho chenye moto mkali kuliko vyote, na humo huchovywa vitu vya kuiva mara moja. Pembeni, kwenye moto wa taratibu, hukaa viazi, tofu na damu ya bata iliyogandishwa.

Inasimuliwa kwamba chakula hiki kilianzia kwa makuli na waendesha mashua wa mito hiyo. Mnofu ulinunuliwa na wenye fedha. Utumbo, moyo na damu ndivyo vilivyowafikia wao, nao wakavichemsha kwa viungo vikali vinavyokata shombo. Hata vile vyumba tisa husemwa vilitokana na hali hiyo: watu wasiojuana waliketi kwenye sufuria moja, kila mtu na chumba chake, akalipia alichokula. Bado wapo wazee wachache wanaopandisha mizigo ngazi za Chongqing mzegamzega, kwa mti wa mwanzi begani. Na pilipili ya mchuzi huo ililetwa na biashara ya bahari: asili yake ni Amerika, ikafika China mwishoni mwa karne ya 16.

"Mwanangu, usiuachilie," aliniambia mama alipoona nimeshika kipande cha utumbo kwa vijiti. Akanionyesha: unazamisha, unainua, mara saba juu na mara nane chini, kama sekunde 15 basi. Ukizidisha unakuwa mgumu kama mpira. Kisha unauchovya kwenye bakuli la mafuta ya ufuta na kitunguu saumu kilichopondwa, mafuta ambayo hupunguza joto na makali. Beijing wao hutumia ufuta uliosagwa ukawa uji mzito. Kwa mchuzi huu, watu wa Chongqing wamepatia zaidi. Utumbo ulikuwa unakatika mdomoni kwa mlio, tofauti kabisa na ule laini wa supu yetu ya asubuhi. Kila nilipomaliza, mama alinitilia kingine.

Nimekula vyakula vya karamu China, vilivyopangwa kwa ustadi mkubwa. Hakuna nilichokiheshimu kama hiki, kwa sababu walioachiwa makombo ya machinjio ndio waliobuni kitoweo ambacho mji mzima leo unajivunia mbele ya wageni.

Ukijaliwa kufika, tafuta mgahawa wa kawaida wenye wenyeji wengi. Asiyezoea pilipili aagize yuanyang, sufuria ya pande mbili, mmoja mwekundu na mwingine mweupe. Mwislamu atafute mgahawa wenye alama ya qingzhen, yaani halali, maana sufuria nyingi za kawaida huingia nguruwe na damu. Nendeni watatu au zaidi, tengeni saa mbili nzima, na muanze na utumbo.