Hapa ni Wapi?

Shangazi yangu alinipigia saa mbili usiku, siku ya Jumatano. Ni karani wa Sacco ya matatu kule Voi, na kwa familia yetu mimi ndiye "mtu wa kompyuta". Salamu zilikuwa fupi.

"Mwanangu, mtu akikuandikia bonyeza hapa, hapa ni wapi?"

Nilinyamaza. Hiyo sentensi niliijua. Niliiandika mimi.

Kazi yangu hapa Nairobi ni kuandika miongozo ya programu. Kampuni inayonilipa huuzia Sacco ndogo ndogo programu ya hesabu, na mimi huandika kile kitabu ambacho hakuna mtu hukisoma mpaka mambo yaharibike. Huo mwongozo ulikuwa na kurasa 84 na nilikuwa najivunia nao sana: vichwa vya herufi nene, maonyo kwa rangi nyekundu, picha za skrini zenye mishale. Shangazi hakujua ni kazi yangu. Usiku huo sikumwambia.

Alikuwa ameingiza malipo ya mwanachama mmoja mara mbili, shilingi 3,400. Jioni, pesa za kwenye droo zikakataa kulingana na za kwenye mashine. Maelezo ya kurekebisha yako ukurasa wa 61. Aliyatafuta kwa simu, akiipanua PDF kwa vidole viwili, na alipofika picha ilikuwa ndogo, mshale hauonekani. Akabonyeza alichodhani ndicho. Kumbe amefunga siku. Siku ikishafungwa, karani hawezi tena kubatilisha malipo. Mweka hazina akamwambia atoe pesa mfukoni mwake.

Sikupata usingizi. Jamaa mmoja wa kazini alikuwa amenisumbua miezi mingi nijaribu Pandoc, nami nilikuwa namwambia nitaona. Usiku huo ndio niliona. Ni programu ya bure ya kugeuza faili kutoka muundo mmoja hadi mwingine, na aliyeianzisha mwaka 2006 ni John MacFarlane, profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Haina vitufe vya kubonyeza. Unafungua lile dirisha jeusi la kompyuta, unaandika amri:

pandoc mwongozo.docx -t markdown --extract-media=picha -o mwongozo.md

Wazo langu lilikuwa rahisi. Niutoe mwongozo kwenye Word, uwe Markdown, yaani maandishi ya kawaida ambayo alama ya reli ndiyo huonyesha kichwa. Halafu niugeuze uwe ukurasa wa HTML unaosomeka vizuri kwa simu, wenye orodha ya yaliyomo juu. Kazi ya dakika kumi, nikalale.

Ilimaliza haraka kuliko nilivyotarajia. Nikafungua faili, nikaona vituko. Orodha ya yaliyomo ilikuwa tupu. Maonyo mekundu yamekuwa sentensi za kawaida, huwezi kuyatofautisha na mengine. Picha zipo, lakini mishale niliyokuwa nimeichora juu yake ndani ya Word imepotea yote. Nikaitukana hiyo programu kwa lugha mbili.

Baadaye nilisoma inavyofanya kazi. Pandoc haitoi Word ikaitia HTML moja kwa moja. Kwanza huisoma faili na kuipanga kama mti: hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha, hili ni jedwali. Kisha ndipo huuandika huo mti upya kwa muundo unaoutaka. Kitu kisicho na tawi huachwa nje, na rangi haina tawi. Vichwa vyangu havikuwa vichwa kamwe. Yalikuwa maandishi ya kawaida niliyoyanenepesha, nikayapandisha ukubwa hadi 16. Kwa macho yangu yalikuwa na mpangilio, lakini ndani hakukuwa na mpangilio wowote.

Nikashuka hadi sehemu ya ukurasa wa 61. Bila mshale, sentensi ilibaki peke yake: "Bonyeza hapa." Mashine ilikuwa inaniuliza swali la Shangazi.

Nilihesabu, nikapata "hapa" 37. Kiswahili kimetupa hapa, hapo, pale na humu, na yote yanategemea anayesema amesimama wapi. Mimi nilisimama mbele ya skrini kubwa ya ofisini. Shangazi alisimama kaunta, amezungukwa na makanga wanaotaka risiti zao wakimbie.

Nilichukua usiku tatu kuandika upya. "Usimamizi wa Miamala" ikawa "Umeingiza malipo mara mbili?" Mahali pa mshale niliandika: bonyeza kitufe cha kijani chenye neno Batilisha, chini ya jina la mwanachama. Mahali pa rangi nyekundu niliandika neno Onyo, kisha hasara yenyewe: ukifunga siku kwanza, hutaweza kurekebisha.

PDF ilinikatalia, ikadai niweke programu nyingine iitwayo pdflatex, na nilipoanza kuipakua stima ikapotea. Nikaachana nayo. Kwa Shangazi nilitoa faili moja ya HTML, picha zikiwa ndani yake kwa --embed-resources. Kwa bosi, ambaye lazima aone nembo ya kampuni, nilitoa Word kutoka maandishi yale yale, sura ikitoka kwenye faili ya kielelezo kwa --reference-doc.

Jumapili nikamtumia Shangazi faili kwa WhatsApp, na shilingi 3,400 kwa M-Pesa. Kisha nikampigia, nikamwambia ukweli.

"Kumbe ni wewe," akasema. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye bado hajakusamehe. Pesa alizirudisha jioni hiyo hiyo, bila neno.

Jumanne akanitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake nasikia matatu zikipiga honi. "Nimeisoma yako. Kitufe nimekiona. Lakini mwanangu, hii kubatilisha, ni kufuta ama ni kurudisha? Mimi nikisikia kufuta naogopa, maana mkaguzi akija atauliza ziko wapi."

Nilikuwa ndani ya basi, Jogoo Road, foleni haisongi. Ni swali zuri, na kwenye kurasa zote 84 sikuwa nimelijibu: malipo ya kwanza hubaki, programu huandika mengine ya kuyapinga, na mkaguzi huona yote mawili. Nilipofika nyumbani nikafungua faili, nikaweka alama ya reli, nikaandika swali lake vile alivyolisema.

Kisha nikaandika amri tena.