Ufuko wa Shanzu ni wa Watu Wote

Shanzu ni sehemu ya bara ya kaskazini ya Mombasa, baina ya Bamburi na mkono wa bahari wa Mtwapa. Msafiri atokaye Kisiwani huvuka daraja la Nyali na kushika barabara iendayo Malindi. Daraja la kwanza mahali pale, lililofunguliwa mwaka 1931, lilielea juu ya maji. Hili la sasa lilifunguliwa mwaka 1980. Tangu hapo safari imekuwa nyepesi, na magari yamezidi. Wengi hupita Shanzu mbiombio wakielekea shughuli zao, wala hawajui kwamba hatua chache tu upande wa mashariki pana mahali pasipolazimisha mtu kwenda mbio.

Huko ufukoni saa yenyewe ni bahari. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku hukawia kadiri ya dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Maji yanapopwa, mchanga na miamba huonekana mpaka karibu na mwamba mkuu unaovunja mawimbi. Mvuvi hawezi kuyahimiza maji. Hukaa kivulini, akatengeneza wavu wake, akazungumza na wenzake hadi wakati utimie. Kungoja huko si uvivu, bali ni sehemu ya kazi.

Saa hiyo ya maji makavu ndiyo inayowakusanya watu. Wako watafutao pweza mashimoni, watoto wachezao mpira juu ya mchanga mgumu, wachuuzi wa madafu, wageni wa hoteli, na jamaa waliokuja na chakula chao kutoka mitaa ya ndani. Mwenye mali na asiye nayo hukanyaga mchanga ule ule, na salamu hutolewa bila ya kuulizana cheo.

Jambo hili si hisani ya mtu yeyote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 62, imetaja kuwa ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba haki bila njia ni sawa na kisima kilichofunikwa. Viwanja vingi vya pwani vimezungushiwa kuta, na vichochoro viendavyo baharini ni vichache. Kichochoro kimoja kikizibwa, mvuvi hulazimika kubeba chombo chake mwendo mrefu, na mtoto wa jirani huisikia bahari asiione. Kwa hiyo kila kijia kilichosalia ni mali ya kulindwa na wote, wenye hoteli na wenyeji pia.

Kadhalika, mali ya wote ina adabu zake. Mwaka 1986 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Mombasa katika maji ya upande huu. Ndani ya hifadhi hiyo uvuvi umekatazwa, na katika eneo la akiba linaloizunguka uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Mgeni asivunje matumbawe wala kuchukua kombe. Aulize kwanza saa za maji, kwani maji yakianza kujaa huweza kumzunguka mtu aliye mbali mwambani. Avae viatu kwa ajili ya miiba ya baharini, na takataka zake arudi nazo.

Karani mwenye mapumziko ya Jumapili, au mkulima aliyeleta mazao yake sokoni Kongowea, hahitaji fedha nyingi ili kuiona Shanzu. Nauli ya matatu na nusu siku ya utulivu zamtosha. Mwenda pole hajikwai, tena huona mengi. Na anayekitumia kijia cha baharini leo humsaidia wa kesho akikute kiko wazi.