Vitunguu vikubwa vya Nakivale, na safari zetu mbili za Mbarara

Mwezi huu tunaandika juu ya vitunguu, maana watu wengi wanaopita kwetu wanasimama kwenye uzio na kuuliza: "Hivi ni vitunguu gani? Mnavipa nini?" Sisi ni familia tano za mtaa mmoja: Wakongomani, Warundi na mama mmoja Mnyarwanda. Tutawaeleza yote bila kuficha. Ila tutaanza na kosa letu, kwa sababu kosa ndilo lililotufikisha Mbarara.

Mbegu za Kanada

Mnajua mwaka 2023 ulivyokuwa. Mwezi wa Julai WFP iligawa watu katika makundi matatu, na kundi la tatu likaondolewa kabisa kwenye chakula. Familia mbili kati yetu ziliangukia hapo. Na viwanja vyetu ni vidogo. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na tangu hapo watu wameongezeka lakini ardhi haikuongezeka. Ukitoka mlangoni kwetu hatua ishirini, umeshafika kwa jirani. Basi tukasema: mahindi hayawezi kutuokoa kwenye kipande hiki, tupande kitu kidogo chenye bei.

Wakati huohuo jamaa yetu aliyepata safari ya Kanada akatutumia pakiti za mbegu kwa mkono wa mtu. Juu yake kulikuwa na picha ya kitunguu kikubwa kama kichwa cha mtoto. Jameni, tulifurahi! Tukasia kitalu Agosti, tukapandikiza Oktoba mvua iliposhika, na msimu ule hatukupanda maharage, bustani yote tukawapa vitunguu.

Majani yalipanda mpaka magotini, mazuri ajabu. Januari ikafika, Februari ikafika. Tukichimbua, chini hakuna kitu. Shingo nene tu, kichwa hakuna. Watoto wakala ugali na majani ya vitunguu mpaka wakachoka, na maharage ya kuchanganya hatukuwa nayo. Mama mmoja kati yetu alisema wazi: "Sisi tumelima picha."

Safari ya kwanza

Machi 2024 tukafunga majani yale mafungu, tukachagua watu watatu wa kwenda kuyauza Mbarara. Tulitoka Base Camp alfajiri, tumebanana ndani ya taksi pamoja na kuku na magunia ya mahindi. Mwanzo ni vumbi. Unapita vilima vikavu, unaona ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu wanashuka kwenda kunywa maji, ziwa linang'aa kwa mbali halafu linapotea. Mkifika lami ya barabara ya Kikagati, hali inabadilika. Kuanzia Kabingo mpaka Kaberebere ni migomba kila upande, na malori yanapakia matoke. Sisi tuliotoka Kivu tunanyamaza kidogo tukipita hapo, maana milima ile inafanana na ya kwetu.

Mbarara ni mji mkubwa sasa, ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2020. Tulishuka tukaenda soko la Rwebikoona. "Agandi?" mama muuzaji akatusalimia. "Ni marungi," tukajibu, na Kinyankole chetu kikaishia hapo. Bahati nzuri mama yetu Mnyarwanda anakisikia vizuri, akatutafsiria. Yule mama wa soko aligeuza fungu letu mara mbili, akauliza vichwa viko wapi. Tukamwambia hatujui. Hakucheka. Alinunua mafungu machache kwa bei ya kutuonea huruma, akatuelekeza kwenye duka la mbegu, akasema, "Waulizeni wale, msirudi nyumbani na swali."

Jua la saa kumi na mbili

Kijana wa dukani alitazama pakiti yetu, akatuuliza: "Kwenu jua linachomoza saa ngapi?" Tukajibu saa kumi na mbili na kitu. "Na linazama?" Saa kumi na mbili na kitu. "Mwaka mzima?" Mwaka mzima. "Basi hapo ndipo penye jibu," akasema.

Wapendwa, hili hatukulijua, na tunadhani wengi hamlijui. Kitunguu kinahesabu urefu wa mchana. Kinaota majani kwanza, na mchana ukifikia urefu kinaoutaka ndipo kinaanza kutengeneza kichwa. Huko Kanada na Ulaya, wakati wa kiangazi chao mchana unafika saa kumi na tano, hata kumi na sita. Vitunguu vyao vikubwa vinangoja mchana mrefu wa namna hiyo. Mwaka 2023, kwenye maonyesho ya Harrogate huko Uingereza, mkulima Gareth Griffin wa kisiwa cha Guernsey alileta kitunguu cha kilo 8.97, rekodi ya dunia. Lakini sisi Nakivale tuko karibu kabisa na ikweta. Mchana wetu ni saa kumi na mbili, Januari hadi Desemba. Mbegu ya Kanada ikipandwa hapa inangoja siku isiyofika.

Hapa tunahitaji mbegu za mchana mfupi. Kijana alitutajia Red Creole na Bombay Red, ambazo bei yake ni nafuu, na za F1 kama Red Coach, ambazo ni ghali lakini vichwa vyake ni vikubwa zaidi. Akatuonya pia tusome tarehe kwenye pakiti, maana mbegu ya kitunguu haikai, ikipita mwaka kwenye joto nyingi haziioti. Tukanunua Red Creole na pakiti moja ndogo ya F1. Tulirudi na pesa kidogo kuliko tulizotoka nazo, lakini swali tulikuwa tumeliacha Mbarara.

Tulivyofanya mara ya pili

Agosti 2024 tukaanza upya. Safari hii tuligawa bustani: nusu maharage, nusu vitunguu. Hatukutaka tena kuweka njaa yote kwenye kapu moja. Mambo tuliyoyafuata ni haya:

Samadi. Tuliipata kwa wafugaji, tukaiacha ioze miezi miwili kabla ya kuchanganya na udongo. Samadi mbichi inaunguza miche na kuleta magugu.

Miche. Tuliisia kwenye kitalu na kuifunika nyasi mpaka ilipoota. Baada ya wiki saba ilikuwa na unene wa kalamu ya risasi, tukapandikiza. Ukichelewa sana, kichwa kinaanza na majani machache. Na hapa ndipo siri ya ukubwa ilipo: kila jani ni ganda moja ndani ya kitunguu. Majani manane yenye afya ni maganda manane. Ndiyo maana kazi yote ni ya miezi miwili ya kwanza.

Nafasi. Mche na mche sentimita 15, mstari na mstari sentimita 30. Inauma kuacha udongo mtupu wakati kiwanja ni kidogo, lakini waliobananisha kwa sentimita 7 walivuna vitunguu vya ukubwa wa limau. Usizike mche chini sana. Kitunguu kinapenda kukaa juu ya udongo, mabega yake yakiwa nje.

Maji na magugu. Mizizi yake ni mifupi, kwa hiyo maji kidogo kila mara ni bora kuliko jerikeni mbili kwa wiki. Magugu tuling'oa kwa mkono, maana jembe linakata mizizi. Majani ya kitunguu hayatoi kivuli, magugu yanakishinda upesi.

Wadudu. Kuna vidudu vyembamba sana vya rangi ya njano, vinajificha katikati ya majani na kuacha madoa ya kung'aa kama fedha. Vinazidi wakati wa ukame. Watoto walikuwa wakipita kila asubuhi kuvikagua na kuvikamua kwa vidole.

Mwisho. Vichwa vikianza kuvimba, acha kuweka samadi. Nusu ya majani yakilala yenyewe, acha kumwagilia. Sisi tulivuna mwishoni mwa Januari, jua kali, tukaanika kivulini penye upepo wiki mbili mpaka shingo zikakauka kabisa.

Kwenye kipande cha mita 4 kwa mita 5 tulipata vitunguu zaidi ya 350. Kikubwa kuliko vyote tulikipima kwenye mizani ya duka la Msomali hapa Base Camp: gramu 420. Kilo 8 siyo, lakini mtoto alikishika kwa mikono miwili!

Safari ya pili

Februari 2025 tukarudi Rwebikoona, viroba vya familia tano ndani ya safari moja. Nauli ya mtu mmoja mmoja ingekula faida yote. Yule mama alitukumbuka. Alimwaga vitunguu chini, akaanza kuvigawa. Vikubwa sana vyenye shingo kavu aliweka pembeni: hivyo ni vya hoteli na wapika rolex, wanapenda kumenya kimoja badala ya vinne. Vya katikati ndivyo vinavyotoka zaidi, akina mama wa nyumbani wananunua fungu. Halafu akachukua kile chetu cha gramu 420, akabonyeza shingo, akatikisa kichwa. Shingo ilikuwa bado laini. "Hiki kuleni leo," akasema, "kesho kutwa kitaoza na kuozesha wenzake."

Kweli tulijisikia vibaya kidogo, kile ndicho tulichokuwa tunakisifia njia nzima. Lakini tulielewa. Kitunguu kilichokunywa maji mpaka siku ya mwisho kinakuwa kikubwa bila kukomaa. Shingo ndiyo inayosema kama kimekomaa, na mnunuzi wa Mbarara anatazama shingo kabla ya ukubwa.

Tulikipika kile kikubwa jioni ileile na maharage ya nusu ya bustani, na kililisha nyumba mbili. Pesa ya viroba ililipa karo ya watoto watatu kwa muhula mmoja na mbegu za msimu uliofuata. Haikulipa kila kitu, na hatutaki mtu adhani vitunguu vinaweza kuziba mahali pa posho. Haviwezi. Ila vile vya katikati tulivyovisuka na kuvitundika jikoni vilitutoa mpaka Juni, na hatukununua hata kimoja.

Kwa wenzetu waliofika karibuni ambao hawana hata kipande: chukueni gunia kuukuu, jazeni udongo na samadi, pandeni juu. Kina cha sentimita 20 kinatosha kwa mizizi ya kitunguu. Na mkipata mbegu kutoka kwa ndugu wa ng'ambo, msizitupe, maana ni zawadi. Pandeni mstari mmoja wa kujaribu. Bustani nzima msiipe.

Mwenye swali aje atuone, kwetu ni karibu na bomba la maji, bustani mtaiona. Mkija Agosti mtatukuta kwenye kitalu, na miche ikibaki tutawagawia. Kazi njema, na Mungu atupe mvua ya wakati wake.