Jina la Kuazima Kando ya Bandari ya Lembar

Tangu tuliporudi kutoka Indonesia, kila baada ya Swala ya Ijumaa tumekuwa tukisimamishwa penye viatu na waumini wanaotaka kujua habari za "kile kiwanja cha pwani". Wapo wanaouliza kwa sababu fedha zao zilikuwamo. Wapo waliosikia tu kwamba kuna kijiji cha Waislamu karibu na bandari, ardhi yake nafuu na watu wake wakarimu, nao wanatafuta njia ya kufika. Tumeona ni bora tuandike mara moja kwa wote, pamoja na yale yanayotutia haya.

Kijiji chenyewe hatutakitaja jina, kwa heshima ya nyumba iliyotupokea. Kipo katika kisiwa cha Lombok, upande wa magharibi, kusini kidogo ya bandari ya Lembar, katika njia iendayo Sekotong. Mwenyeji wetu tulisoma naye Khartoum. Yeye Msasaki wa Lombok, sisi Waswahili, na lugha iliyotuunganisha ni Kiarabu. Miaka ilipopita kila mtu akarudi kwao, lakini salamu hazikukatika, na ni yeye aliyetuandikia kwamba kijiji chao kinatafuta wageni na wawekezaji. Barua hiyo tuliisoma mbele ya marafiki baada ya darsa. Watu tisa wakachanga shilingi milioni 45 (si fedha za msikiti, tunasema hivyo mapema ili pasiwe na dhana mbaya), na sisi wawili, mweka hazina na katibu, tukatumwa kwenda kutazama.

Tulivuka kutoka Padangbai, Bali, kwa feri. Safari ile huchukua saa nne hadi tano, na vyombo huenda usiku na mchana. Mlango-bahari wa Lombok una kina kirefu na mkondo mkali, hata mweka hazina wetu, aliyezaliwa pwani na kujigamba kwayo, alilala sakafuni akisoma nyiradi. Humo ndani kulikuwa na malori ya vitunguu, pikipiki, watalii wenye mbao za kuteleza juu ya mawimbi, na akina mama wenye watoto waliolala juu ya magunia. Feri ilipoingia katika ghuba ya Lembar maji yakatulia ghafla, vilima vikatuzunguka pande zote, na kutoka ng'ambo tukasikia adhana ya Magharibi kutoka misikiti mitatu au minne kwa pamoja. Lombok husifiwa kuwa ni kisiwa cha misikiti elfu moja. Hatukuhesabu, lakini hatukuona sababu ya kubisha.

Mlango wa feri ulipofunguliwa, magari yote yalitoka mbio kuelekea Mataram na kwingineko. Hakuna hata moja lililogeuka upande wetu. Mwenyeji wetu alitucheka tulipolishangaa hilo. Alisema maelfu ya watu hupita hapa, na kijiji chao hukijua kwa vumbi la malori tu. Kipeperushi kilichoandikwa na ofisi ya kijiji, ambacho alitutafsiria usiku ule, kilisifu ukaribu wa bandari katika mstari wa kwanza, kisha kikataja minazi, mikoko, kaa, wavuvi, na nyumba za familia zinazopokea wageni kwa malipo madogo. Picha ilikuwa ya machweo. Waandishi wa vipeperushi duniani kote, inaonekana, wana jua moja.

Hata hivyo, kipeperushi hakikusema uongo. Anayetaka kutembelea sehemu ile hatajuta. Kutoka Lembar au Tawun mashua humpeleka mgeni kwenye visiwa vidogo kama Gili Nanggu na Gili Sudak, ambako maji ni safi kiasi cha kuona samaki bila kuzamisha kichwa. Katika ghuba za Sekotong wapo wanaolima mwani kwa kamba na vigingi. Wasomaji wetu wa Paje na Jambiani wangejihisi wako kwao. Chakula ni halali bila ya kuuliza, ingawa pilipili yake inahitaji nia. Kuna mboga ya majini waiitayo kangkung, huchemshwa na kumiminiwa sosi ya nyanya, pilipili na dagaa wa kamba waliosagwa. Siku ya kwanza tulilia, siku ya tatu tuliomba nyongeza. Na katika sherehe hula kwa begibung, yaani watu kadhaa kuzunguka chombo kimoja, kama sinia letu.

Katika kila ua kuna berugak, banda la nguzo nne au sita lisilo na kuta, lenye sakafu iliyoinuliwa na paa la makuti au majani. Hapo ndipo mgeni hukaa, hunywa kahawa, na hata kulala. Ni baraza, kwa maana yote tunayoijua sisi. Mambo makubwa ya nyumba huzungumzwa hapo, naye mama wa nyumba, akipita na glasi, husikia yote.

Kwa kuwa tulikwenda na macho ya kamati, msikiti wao ulitushughulisha kuliko pwani. Ijumaa, kabla ya khutba, mmoja wa viongozi alisimama akasoma hesabu: kilichoingia wiki ile, kilichotoka, kilichobaki. Rupia kwa rupia, mbele ya watu wote. Mweka hazina wetu alitutazama, nasi tukaangalia chini. Sisi husoma hesabu mara moja kwa mwaka, tena baada ya kukumbushwa.

Sasa tuingie katika lililotupeleka. Kiwanja tulichoonyeshwa kilikuwa cha are 20, yaani mita za mraba 2,000, kwani ardhi kule huhesabiwa kwa are. Kilikuwa na minazi, kiliteremka hadi kwenye mikoko, na usiku taa za feri zilionekana zikisubiri zamu ya kufunga gatini. Bei ilikuwa ndani ya uwezo wetu. Dalali alikuwa kijana mpole, aliyeswali nasi Adhuhuri na Alasiri. Alitueleza kwamba mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi Indonesia, lakini lipo jambo dogo la kufanya. Hati itaandikwa kwa jina la mwenyeji wetu. Kisha mwenyeji wetu atatia saini mkataba kwamba ametukopa fedha zile zote, na ardhi ni rehani. Kisha atatupa hati ya uwakilishi isiyoweza kufutwa, ili tuuze au tujenge tutakavyo. Karatasi tatu tu. "Wageni wengi hufanya hivi," alisema.

Mwenyeji wetu alinyamaza kidogo, halafu akasema yuko tayari. Alisema sisi ni ndugu zake na jina lake ni letu.

Tunakiri kwamba tulifurahi. Tulikuwa tumekwisha kuanza kuhesabu vyumba. Tulijadili mahali pa kisima na upande wa kibla, na kama familia zetu zingeweza kuja wakati wa likizo za shule. Haikutupitia hata mara moja kwamba Msasaki hawezi kumkatalia mgeni aliyekaa katika berugak yake, na kwamba kimya kile kidogo kabla ya jibu ndicho kilichokuwa jibu.

Usiku ule, baada ya Isha, baba yake alikuwapo, nasi tulimwita Amaq kama wao wamwitavyo. Mama, Inaq, alikuwa akikusanya glasi. Ana mwana mwingine aliyeko Malaysia kwa kazi, kama vijana wengi wa kisiwa kile, na anajua karatasi zinavyoweza kumfunga mtu mbali na nyumbani. Aliuliza jambo kwa Kisasaki, kwa sauti ya chini, bila kututazama. Mwenyeji wetu hakutafsiri. Tulimwomba. Akakataa. Tukamwomba tena, ndipo akasema: "Mama anauliza, nikifa mimi, deni hili watalilipa wanangu?"

Sisi ni wahitimu wa sharia. Tumefundisha mirathi msikitini kwetu kwa miaka; tumewaambia watu mara ngapi kwamba maiti husimamiwa mazishi yake, kisha yalipwe madeni yake, kisha utekelezwe wasia, ndipo warithi wagawane. Deni hutangulia. Na sisi tulikuwa tunataka kumwandikia ndugu yetu, kwa mashahidi na muhuri, deni ambalo hakulikopa. Aya ya deni katika Surat al-Baqara, ambayo ni ndefu kuliko aya zote, inaamrisha kuandika ili haki isipotee. Tulikuwa tumeigeuza kalamu ile ile ili ukweli upotee. Iwapo angefariki kabla yetu, mjane na watoto wake wangebaki na ama deni la uongo, ama ardhi isiyokuwa yao, na warithi wetu huku wangekuwa na karatasi za kudai. Tuliulizana kwa macho nani atajibu. Amaq alisema kahawa inapoa.

Asubuhi tuliomba tupelekwe kwa mthibitishaji hati, mtu mwingine, si yule wa dalali. Hakuhitaji muda mrefu. Sheria ya msingi ya ardhi ya Indonesia ni ya mwaka 1960. Kifungu cha 21 kinasema umiliki kamili ni wa raia. Kifungu cha 26 kinasema kwamba mauzo au tendo lolote la kuhamisha umiliki huo kwa mgeni, moja kwa moja au kwa kuzunguka, ni batili. Ardhi huangukia kwa Serikali, na fedha zilizolipwa haziwezi kudaiwa. Alilirudia neno "kwa kuzunguka" huku akigonga meza kwa kidole. Kwa hiyo shilingi milioni 45 za watu tisa zilikuwa ziende kwenye hila ambayo sheria ilikwisha kuijua zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Milango iliyo wazi ipo, na tunaitaja kwa wanaouliza. Mgeni anaweza kukodi kwa mkataba. Anaweza, kwa masharti, kupata haki ya kutumia ardhi bila kuimiliki. Anaweza kuunda kampuni ya uwekezaji wa kigeni, na kampuni ikapata haki ya kujenga kwa miaka 30 ya kwanza. Lakini kwa kanuni ya 2021 kampuni hiyo ilitakiwa kuwekeza zaidi ya rupia bilioni 10, bila kuhesabu ardhi na majengo, kiasi kilichozidi dola 600,000 za Marekani wakati huo. Sisi na milioni zetu 45 tulikuwa hatujafika hata kwenye kizingiti.

Mkuu wa kijiji, ambaye huchaguliwa kwa kura, alitupokea bila kutuona wajinga. Alieleza kwamba tangu sheria ya vijiji ya 2014 kijiji hupata fungu lake kutoka Serikali Kuu, na kinaruhusiwa kuwa na shirika lake la biashara. Mambo hupitishwa kwa musyawarah hadi ifikiwe mufakat. Hatukuhitaji mkalimani kwa maneno hayo: mashauriano na muafaka. Alitaja Mandalika, kusini mwa kisiwa hicho hicho, ambako uwanja wa mashindano ya pikipiki ulijengwa na mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walitoa kauli hadharani kuhusu wenyeji waliodaiwa kuondolewa katika ardhi zao, kauli ambayo Serikali ya Indonesia iliikanusha. Yeye hakutoa hukumu. Alisema tu kwamba watu wake huuliza maswali mengi zaidi siku hizi anapokuja mtu na ramani. Anachokitaka kwanza ni abiria wa feri walale usiku mmoja, wale samaki, walipe, waswali, waende.

Basi tukalala, tukala, tukalipa. Mwenyeji wetu alikataa malipo. Tukampa Inaq kama zawadi ya watoto, naye akapokea. Siku ya kuondoka mwenyeji wetu alitusindikiza mpaka gatini, akatuambia kwa Kiarabu kwamba usiku ule hakupata usingizi, na kwamba angetia saini. Tulimwomba radhi. Alitukumbatia, akasema tusilizungumze tena, nasi sasa tunalizungumza gazetini. Lakini kwa idhini yake, maana tulimtumia makala hii kabla.

Tuliporudi tulirudisha fedha zote, mbele ya watu, jina kwa jina, huku gharama za safari tukizibeba wenyewe. Wengi walishukuru. Wawili walituona waoga, na mmoja alisema mbele yetu kwamba elimu ya dini ikizidi hufukarisha. Kiwanja, tumeambiwa, kimekwisha kuzungushiwa uzio. Dalali alipata mtu mwingine na jina jingine. Wanaotaka kwenda kutembea, tunapanga safari ya familia baada ya Idi, in shaa Allah, na nyumba za wageni za kijiji zimekwisha kuarifiwa.

Mzee mmoja kati ya wale tisa hajachukua sehemu yake mpaka leo. Iko kwa mweka hazina, katika bahasha yenye jina lake. Kila Ijumaa tunamkumbusha, naye hujibu kwamba tukae nayo mpaka tupate nchi isiyokuwa na masharti.