Kaseti za Baba na Kisanduku cha Kuzipa Nguvu



Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Nyimbo tuziimbazo kanisani nazo ziliundwa na watu, na wengine wao tuliwajua kwa sura. Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao. Alifundisha kwaya ya kigango chetu miaka mingi, akatunga nyimbo na kuziandika kwa do, re, mi katika madaftari ya shule. Alipofariki mwaka 2009 tuliyaweka madaftari yale sandukuni chini ya kitanda. Masika mawili yalipita, na tulipofungua sanduku tulikuta mchwa wamekwisha kula. Yalibaki majalada na udongo.

Kilichosalia ni kaseti saba. Padre mmoja mmisionari aliyependa muziki ndiye aliyezirekodi kati ya mwaka 1991 na 1994, siku za mazoezi na siku za sikukuu. Aliporudi kwao Ulaya alituachia kaseti hizo, redio yake ya kaseti, na hedifoni zake kubwa, yaani zile spika mbili ndogo za kuvaa masikioni, zilizoshikwa na utepe wa kupita kichwani.

Kwaya yetu bado yaimba nyimbo nne za baba, lakini sauti ya tatu imepotea. Wazee walioijua wametangulia mbele ya haki, na vijana kila mmoja huimba anavyobahatisha. Mama yangu, ambaye sasa ana miaka 74, hulisikia kosa hilo kila Jumapili na kutikisa kichwa. Mwaka jana aliniambia, “Mwanangu, wewe ndiwe karani. Ubatizo wa watu na ndoa za watu wayaandika vitabuni. Ya baba yako utayaandika lini?” Neno hilo lilinichoma, maana sikuwa na jibu.

Basi nalianza kazi. Kwa kuwa kaseti huchakaa kila ichezwapo, kwanza nalizihamishia zote katika kompyuta kwa waya, na kutoka huko nikaziweka katika simu yangu ili nisikilize nyumbani usiku. Spika ya redio haikufaa. Nyumba yetu ni ya vyumba vitatu, watoto wanadurusu masomo, na mvua ikipiga bati husikii hata neno. Tena mtu atakaye kuitenga sauti ya tatu na zile nyingine, sharti muziki umkae karibu kabisa na sikio.

Nalizivaa hedifoni za padre, nikazichomeka katika simu, nikaongeza sauti hadi mwisho. Loo! Nalisikia kwaya kana kwamba yaimba ng’ambo ya mto. Nilizipeleka kwa fundi mmoja mjini. Hakuzifungua. Alisema zimekufa, nizitupe, akanionyesha mpya za Sh. 15,000. Nilizinunua hizo mpya, nazo zilisikika vizuri kwa simu. Lakini zilikuwa zikivuma sana kwa chini, hata besi ikaifunika sauti ya tatu, ndiyo hasa niliyokuwa nikiitafuta. Binti yangu Monika alizichukua kwa furaha.

Siku moja nalizipangusa vumbi zile za padre, nikaona maandishi juu yake: AKG K240 Monitor, 600 ohms. AKG ni kampuni iliyoanzishwa Vienna, nchini Austria, mwaka 1947, na hedifoni za namna hii zilitengenezwa kwa watu wa studio. Hiyo 600 ndiyo iliyonifumbua macho. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa fizikia kidogo, na jambo moja nalilikumbuka: omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme usipite.

Chukueni mfano wa tangi la maji. Volti ni kama urefu wa mnara lilikowekwa tangi, na omu ni kama wembamba wa bomba. Simu ni tangi lililowekwa chini. Bomba likiwa pana, kama hedifoni nyingi za siku hizi zenye omu 32, maji yatatoka ya kutosha. Bomba likiwa jembamba, lenye omu 600, yatadondoka tone tone. Nalipiga hesabu: kifaa kikitoa nusu volti, hedifoni za omu 32 hupata karibu miliwati 8, lakini za omu 600 hazipati hata nusu miliwati. Kumbe za padre zilikuwa zima. Zilikuwa na njaa tu.

Dawa yake ni amplifaya, yaani kikuza sauti. Hii siyo ile kubwa ya kupigia ngoma za harusi. Ni kijisanduku cha mezani kilichotengenezwa kwa hedifoni peke yake, na kazi yake ni kupandisha tangi. Binamu yangu wa Dar es Salaam, ambaye ni fundi wa redio, alipata iliyokwisha tumika, ya aina iitwayo O2, akataka Sh. 150,000. Mke wangu alizihesabu fedha zile mezani, akasema, “Baba Monika, hizi ni za mbolea.” Alikuwa na haki. Tukapatana hivi: nikae na kifaa mwezi mmoja tu, kabla ya kupanda. Kisipofaa, binamu akiuze tena, na fedha zirudi shambani. Basi nalikijaribu kwa makini kama mtahini wa shule.

Yafaa mjue habari za O2, maana ni za ajabu kidogo. Mwaka 2011 mhandisi mmoja aliyejiita NwAvGuy, bila kutaja jina lake la kweli, alitoa michoro ya amplifaya hii bure ili mtu yeyote ajitengenezee. Alikuwa amechoshwa na vifaa vya bei kubwa vinavyosifiwa kwa maneno matamu bila vipimo. Alitaka kuonyesha kwamba kifaa cha bei ndogo, kikisanifiwa vema na kupimwa kwa vyombo, chatosha. Mwaka 2012 alinyamaza, asiandike tena. Mafundi wengi na kampuni kadhaa walikwisha kuijenga kwa michoro yake.

Chenyewe ni kisanduku cheusi, ukubwa wa kitabu cha sala. Kina tundu la kuingizia sauti, tundu la hedifoni, kitufe cha kuzungusha, na swichi ya nguvu ya namna mbili: mara mbili na nusu, au mara sita na nusu. Ndani mna nafasi ya betri mbili za volti 9, zile za mraba, za kuchaji. Kwetu sisi ambao umeme hukatika jioni hasa, hilo ni jambo kubwa.

Sasa niwaeleze makosa yangu, ili mwenzangu asiyarudie. La kwanza ni adapta. Hii aliyoleta binamu haikuwa na yake, nami nikanunua adapta ya kawaida dukani. Kifaa hakikuwaka. Adapta nyingi za madukani hutoa umeme wa mkondo mnyoofu, nacho chataka adapta itoayo mkondo geu, kama ule wa ukutani ila uliopunguzwa. Sh. 8,000 zikapotea, na hadi leo natumia betri. Kosa la pili: nalikiunganisha na kompyuta, ambayo hutoa volti nyingi kuliko simu, nikaweka swichi kwenye mara sita na nusu. Kwaya ilipoimba kwa nguvu, sauti ikakwaruza. Nalipunguza kwa kitufe, ikazidi kukwaruza vile vile, ila kwa sauti ndogo. Sababu yake ni kwamba katika O2 sauti hukuzwa kwanza, ndipo ipite kwenye kitufe. Ikiharibika katika kukuzwa, kitufe hakiwezi kuiponya. Sharti upunguze huku kwenye kompyuta, au urudishe swichi kwenye nguvu ndogo.

Baada ya hayo nikafanya mtihani wenyewe. Kwanza nilizitumia zile hedifoni za Sh. 15,000. Mimi nalifumba macho, na Monika akawa anachomeka mara katika simu, mara katika amplifaya, bila kuniambia. Tulilinganisha kwanza ukubwa wa sauti, maana sikio hudanganyika upesi: sauti ikizidi nguvu kidogo tu, mtu huapa kwamba ni tamu zaidi. Tulirudia mara 20, nami nikapata 11. Hata mwenye kurusha sarafu angalipata hivyo. Kwa hedifoni zile, amplifaya haikuniongezea kitu.

Kisha nikazivaa za padre. Hapo hapakuhitaji mtihani. Volti zikiongezwa mara sita na nusu, nguvu huongezeka karibu mara 42, na kwaya ikavuka mto ikaja kukaa mezani kwangu. Nalisikia sauti ya kwanza upande huu, besi upande ule, na katikati yao, nyembamba lakini wazi, sauti ya tatu ya baba.

Lakini nisiwadanganye. Amplifaya haina hukumu. Mvumo wa kaseti nao ulikuzwa, na jogoo wa mwaka 1992 akawika kwa nguvu zaidi kuliko mtu wa solo. Kaseti moja ilikwisha kuliwa na unyevu, na wimbo mmoja kati ya ile minne umo humo. Kilichokwisha kufutika hakirudishwi na kifaa chochote. Nyimbo tatu nimeziandika zote, sauti nne kila mmoja, kazi ya usiku kumi na nane. Ule wa nne sikuupata.

Mama alipokuja kututembelea nalimvika zile hedifoni, nikaanza na sauti ndogo kabisa. Alisikiliza wimbo mzima bila kusema neno. Wimbo ulipokwisha aliinua mkono, nikajua amefika pale ambapo baba anawasimamisha waimbaji na kuwauliza, “Sauti ya tatu, mmelala?” Pana mtoto mchanga analia nyuma yao. Mama akavua hedifoni, akaniambia, “Huyo anayelia ni wewe. Nilikuwa nimekubeba mgongoni.” Kisha akazivaa tena.

Mke wangu alikuwa mlangoni, akasikia. Mwezi ulipokwisha hakunikumbusha habari za mbolea, mimi ndiye niliyezitaja. Tuliuza mbuzi mmoja, tukanunua mfuko mmoja badala ya miwili. Mahindi ya mwaka huu yatatueleza kama tulikosea.

Jambo moja la hatari nawaonya wazazi. Jioni moja Monika alichomeka hedifoni zake katika amplifaya, na swichi nalikuwa nimeiacha kwenye nguvu kubwa. Alipiga kelele akazitupa chini. Nguvu iliyo chakula kwa hedifoni za omu 600 yaweza kuyaumiza masikio kwa zile za omu 32. Sikio likishaharibika kwa kelele, usikivu uliopotea haurudi. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 katika juma. Zikifika 90, saa ni 4 tu kwa juma zima, na watoto washushe zaidi. Kwa hiyo punguza sauti kabla ya kuchomeka, vaa, ndipo uongeze polepole. Mtu akisema nawe hatua moja kando yako nawe humsikii, jua umezidisha.

Haya basi, hukumu yangu ni hii. Ikiwa hedifoni zako ni za kawaida na zasikika vema kwa simu, usinunue amplifaya, hata muuzaji akiapa. Mbolea itakufaa zaidi. Ikiwa unazo za zamani au za studio, usimwamini upesi akuambiaye zimekufa. Soma kwanza omu zilizoandikwa juu yake. Zikiwa 250, 300 au 600, huenda zina njaa tu, na kisanduku cha bei ya kadiri kitazishibisha. Cha bei kubwa zaidi hakihitajiki.

Na enyi wenye kaseti za wazee sandukuni, zitoeni sasa. Mchwa na unyevu havingoji karani apate nafasi. Jumapili iliyopita kwaya yetu iliimba wimbo wa kwanza kati ya ile mitatu, sauti zote nne. Nalimtazama mama pale kwenye benchi la mbele. Safari hii hakutikisa kichwa.

Ni mimi,
Karani wa Parokia