Alama Ndogo Chini ya Mtutu

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kumwona mwalimu wa madrasa akishika kalamu kuandika habari za bunduki. Nami nilisita siku nyingi kabla ya kuandika, kwani silaha si kitu cha kupendezewa ovyo, na katika zama zetu hizi bunduki zimewaliza mama wengi. Lakini bunduki nitakazozieleza hapa si za vita. Ni bunduki za marisau, za kuwindia ndege, ambazo mafundi wa Kiingereza wamezitengeneza kwa mikono yao kwa zaidi ya miaka mia mbili. Katika kuzijua hizo nilijiona mimi mwenyewe nilivyo, na nilichokiona hakikunipendeza. Kwa hivyo nimeonelea niyaandike, huenda mwalimu mwenzangu au mzazi akanufaika.

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, mjomba wangu alikuwa na shamba la minazi na mahindi nje kidogo ya mji wa Malindi. Serikali ilimpa ruhusa ya kuweka bunduki ya marisau ya mitutu miwili kwa sababu ya nguruwe mwitu na nyani, na bunduki yenyewe aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirejea kwao. Baada ya Alasiri alikuwa akiikunja katikati, akiivua mitutu, na kunipa kitambaa chenye mafuta nimsaidie kupangusa. Chini ya mitutu, mahali pasipoonekana mpaka ivuliwe, palikuwa na alama ndogo za taji na herufi chini yake.

Nikamuuliza, "Mjomba, hizi ni nini?"

Akanijibu, "Hiyo ni dhamana, mwanangu. Maana yake haitakupasukia usoni."

"Nani kasema?"

"Waliokwisha kuijaribu."

Mjomba alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, bunduki ilirudishwa polisi kama sheria itakavyo, na mimi nikashughulika na masomo, kisha na kusomesha. Yale maneno yake sikuyakumbuka tena kwa miaka mingi.

Sasa mwanangu anaishi Birmingham, Uingereza, na miaka michache iliyopita alinialika nikakae naye miezi miwili. Jirani yake alikuwa mzee wa Kiingereza, mtu wa makamo yangu, aliyestaafu kazi ya ufundi wa vitako vya bunduki. Mwanangu alipomsimulia habari ya bunduki ya mjomba, yule mzee alitualika kwake, akatupa chai, kisha akatuingiza katika kibanda chake cha kazi nyuma ya nyumba. Nikaona patasi, misasa, vipande vya mbao, na juu ya meza taa ndogo ya utambi mfano wa koroboi zetu. Nikamuuliza koroboi ni ya nini ilhali umeme upo. Akacheka, akasema hiyo ndiyo mwalimu wake.

Alichotueleza ni hiki. Bunduki nzuri ya Kiingereza haitengenezwi na fundi mmoja. Yuko fundi wa mitutu, yuko fundi wa kile kipande cha chuma cha katikati kinachoshika mitutu na kubeba mtambo, yuko fundi wa kitako, yuko fundi wa nakshi, na yuko wa kumalizia. Kila mmoja amekaa uanafunzi miaka mitano au zaidi kabla ya kuaminiwa. Bunduki moja hula mamia ya saa za kazi, na mwenye kuagiza hungoja mwaka mzima na zaidi. Huja akapimwa urefu wa mkono, upana wa bega na jinsi anavyoinamisha shavu, kama mtu apimwavyo kanzu, kwani bunduki ya marisau hailengwi kwa kutuliza jicho kama bunduki ya risasi moja. Ndege yuko mbioni, na bunduki lazima ifike begani na jicho liwe limekwisha kuona. Yote hayo kwa kitu chenye uzito wa kilo tatu hivi.

Nikamuuliza pia juu ya ile namba kumi na mbili niliyokuwa nikimsikia mjomba akiitaja dukani anaponunua risasi. Akasema ni hesabu ya kale: ratili moja ya risasi ikigawanywa katika gololi kumi na mbili zilizo sawa, upana wa gololi moja ndio upana wa mtutu. Ndiyo maana namba ikizidi, mtutu hupungua.

Na koroboi? Fundi hushika kipande cha chuma juu ya moshi wa taa mpaka kipate masizi, kisha hukibonyeza mahali pake. Akikitoa, hutazama masizi yamegusa wapi. Palipoguswa ndipo palipoinuka, basi hapo huparua kidogo, chembe ya unga tu, kisha hurudia. Hurudia mara kumi, mara hamsini, mpaka masizi yaenee sawasawa. Hapo ndipo ajuapo kwamba pameshikana bila ya mwanya. "Na haya yote," akasema yule mzee, "yako ndani. Mwenye bunduki hatayaona maisha yake." Nikamuuliza, basi mbona mwajitaabisha? Akajibu kwamba mwenye bunduki hatayaona, lakini bunduki itayajua.

Ndugu msomaji, neno hilo liliniingia, ijapokuwa wakati ule sikujua sababu.

Akatuonyesha ubao wa kitako. Ni wa mti wa jozi, na ulio bora hutoka Uturuki, tena kwenye shina karibu na mizizi, ambapo mishipa ya mti imejipinda kwa uzuri. Hukaushwa miaka kadhaa kabla ya kuguswa na patasi. Kisha husuguliwa kwa kiganja cha mkono na mafuta ya mbegu za kitani yaliyotiwa rangi ya mzizi mwekundu, kidogo kidogo, kwa wiki nyingi. Mzizi huo jina lake la Kiingereza asili yake ni lile neno la Kiarabu, hina. Na mitutu ya zamani, kabla ya chuma cha pua cha siku hizi, ilifumwa kwa kusokota vipande vya chuma laini na chuma kigumu na kuvifua kwa moto, ikatoka na mawimbi mawimbi kama maji. Nayo waliiita kwa jina la mji wa Dimishki, Sham. Nilifurahi kusikia hayo, kwani hakuna umma uliojifunza peke yake.

Akatutajia na majina ya mafundi wakubwa. Joseph Manton wa London, aliyefariki mwaka 1835, ndiye aliyewafundisha kazi wengi waliokuja baadaye. Mmoja wa waliofanya kazi kwake, James Purdey, alifungua duka lake mwaka 1814, na jina hilo lingaliko mpaka leo. Mwaka 1880 fundi aitwaye Frederick Beesley alibuni mtambo ambao bunduki hujifungua yenyewe kwa nguvu za zile zile springi za kupigia, akawauzia Purdey, na mpaka leo wautumia. Bunduki mpya ya namna hiyo bei yake yapita pauni laki moja. Birmingham nako, mwaka 1875, mafundi wawili wa nyumba ya Westley Richards, William Anson na John Deeley, walibuni mtambo mwepesi wenye vipande vichache, uliofichwa wote ndani ya sanduku la chuma. Huo ndio ulioenea ulimwenguni, kwani ulikuwa imara na bei yake haikuwa ya wafalme. Nilipomweleza umbo la bunduki ya mjomba, akasema bila shaka ilikuwa ya namna hiyo.

Lakini haki yanitaka niseme na upande wa pili. Mji huo huo wa Birmingham, katika karne ya 18 na ya 19, ulitengeneza bunduki za bei rahisi kwa wingi mno, zikapelekwa Afrika ya Magharibi, na nyingine zikabadilishwa kwa wanadamu wenzetu waliotiwa minyororo. Na hizo bunduki nzuri nazo zimetumika kwa israfu. Mwezi wa Desemba mwaka 1913, Mfalme George V na wenzake waliua ndege karibu 4,000 kwa siku moja katika shamba la Hall Barn, na yasimuliwa kwamba mfalme mwenyewe aliona wamepita mpaka. Kuwinda kwa kula ni halali, na kuzuia mazao yasiharibiwe ni haki. Ama kuua kwa kuchezea roho, huo si uwindaji. Ufundi mzuri haumtakasi mwenye kuutumia vibaya. Hilo nililisema kwa yule mzee, naye hakunibishia.

Siku chache baadaye alitupeleka kuiona Nyumba ya Majaribio ya bunduki, katika mtaa wa Banbury Street, karibu na mfereji na njia ya reli. Nyumba hiyo iliwekwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1813 kwa ajili ya usalama wa watu. London wanayo yao, chini ya chama cha mafundi wa bunduki kilichopewa hati ya mfalme mwaka 1637. Sheria ya Uingereza hairuhusu bunduki kuuzwa mpaka ijaribiwe katika nyumba kama hizo. Na jaribio lake ni hili: bunduki huingizwa mahali penye kuta nene, hutiwa risasi zenye nguvu kuliko zile itakazotumia maishani mwake, watu hujitenga, kisha hufyatuliwa. Ikiwa ina ila, hupasukia humo, mbali na uso wa mtu. Ikisalimika, hukaguliwa, na ndipo ipigwapo ile alama ya taji chini ya mtutu.

Nilisimama nje ya lango lile, mvua inanyunya, nikamkumbuka mjomba. Kisha nikamkumbuka mtu mwingine, na miguu ikaniishia nguvu.

Miaka mingi nyuma nilikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akihifadhi Kurani kwangu. Alikuwa na sauti nzuri na adabu njema. Baba yake alikuwa mtu wa mali, aliyetusaidia kuezeka paa la madrasa. Akanijia mwezi wa Shaabani akitaka mwanawe apewe shahada ya kuhifadhi, ili Ramadhani asalishe tarawehe kijijini kwao. Nilijua kwamba juzuu kumi za mwisho alizozihifadhi hazijakaa. Nilimsikiliza haraka haraka, nikamchagulia mahali pepesi, nikatia muhuri wangu. Tulifanya sherehe, watu wakala pilau, na mimi nikasifiwa.

Usiku wa nane wa Ramadhani alikwama katikati ya sala, mbele ya wazee wa kijiji na rika lake. Akarudia, akakwama tena, mpaka mtu mwingine akasogezwa mbele. Asubuhi yake aliondoka kijijini. Nilipoambiwa, nilisema kijana hakudurusu vya kutosha. Ndivyo nilivyosema, na nikaendelea na darasa langu.

Pale langoni nikafahamu. Mafundi wale, kwa bunduki ya kuulia kware, hukubali kuona kazi ya mwaka mzima ikipasuka ndani ya chumba kitupu, kuliko kuitia alama ya uongo. Mimi nilitia alama kwenye mtutu nisioujaribu, nikaacha umpasukie kijana usoni.

Niliporejea Mombasa nilimtafuta. Nikamkuta ana duka la vipuri vya pikipiki, ndevu zimeanza mvi, ana watoto watatu. Aliniinukia, akanibusu mkono, akaniletea kiti na soda. Nikamwambia kwamba nimekuja kumwomba radhi, kwa kuwa siku ile nilijua hakuwa tayari. Alinyamaza kitambo, akipanga na kupangua sarafu juu ya meza. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilijua siko tayari. Nilidhani wewe ndiye hujui. Miaka yote hii nimekuwa nikiona haya kwamba nilikudanganya."

Sikuwa na jawabu. Nililia mbele ya wateja wake.

Basi ndugu zangu walimu, na wazazi mnaotuharakisha, nawausia na kuiusia nafsi yangu kwanza. Kazi ya ndani isiyoonekana ndiyo kazi yenyewe. Mtoto asiyeiva msimsukume mbele za watu ili nyinyi msifiwe. Mjaribuni faraghani, tena kwa mzigo mzito kuliko atakaokutana nao, na akikwama, mfunikeni na mrudi naye kwenye koroboi, mtazame masizi yamegusa wapi. Kumcheleweshea shahada si kumdhulumu. Kumdhulumu ni kumpa kisicho chake, kisha kumwacha peke yake siku ya kutakiwa.

Yule kijana wangu, nami bado namwita kijana, sasa hunijia kila usiku wa Jumatatu baada ya Isha. Tumeanza upya, ukurasa kwa ukurasa, mlango tumeufunga. Juzi amemaliza juzuu ya saba. Muhuri wangu uko sandukuni, wala hajauuliza.